Tunawadai au Tunawaomba? Kampuni ya Simu na Wajibu Wake kwa Jamii



Likizo iliyopita nilikaa wiki kadhaa katika kigango kimoja upande wa Sikonge, mkoani Tabora. Jumapili moja baada ya ibada, Halmashauri ya Walei ya kigango ilikutana chini ya mwembe, nami nikaitwa. "Frateri," alisema mzee mwenyekiti, "wewe ndiye uliyesoma. Tuandikie barua kwa kampuni ya simu. Waambie tunaomba spika mbili na kinanda cha kwaya. Wao wana mnara wao pale karibu na ghala la tumbaku, na sisi ndio tunaonunua vocha." Nikatoa kalamu. Kabla sijaandika tarehe, mama mmoja wa WAWATA aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akauliza: "Hao watu, baba, tunawadai au tunawaomba?"

Wazee walicheka. Mimi nilishindwa kucheka kwa sababu sikuwa na jibu, na barua haiwezi kuandikwa na mtu asiyejua kama anadai au anaomba. Hata maneno ya kufungulia barua hubadilika. Nimerudi seminarini na swali hilo, na katika makala hii nataka tulitafakari pamoja: kampuni kubwa ya teknolojia, kama zile za simu tunazozitumia kila siku, inapaswa kupangaje mambo ya kuifanyia jamii? Ianze na lipi, iache lipi, na kwa nini?

Neno hongo lilivyobadilika

Sisi wa Tabora tunalo neno la kutusaidia kuanza. Leo ukisema "hongo" kila mtu anaelewa rushwa. Lakini katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikitoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka hapa kwenda Ujiji au kaskazini kuelekea Buganda, hongo ilikuwa malipo ya wazi. Mtemi ambaye nchi yake msafara uliipita alipokea vitambaa, shanga au nyaya za shaba. Msafara ulikuwa umetumia maji yake, umekula chakula cha watu wake, umepita salama katika ardhi yake. Kule Ugogo, ambako maji ni machache, hongo ilikuwa nzito, na wafanyabiashara walilalamika sana katika maandishi yao. Watemi hawakutuachia maandishi mengi, kwa hiyo upande mmoja wa malalamiko ndio unaosikika zaidi mpaka leo.

Hata mapadre wetu wa kwanza, Wamisionari wa Afrika waliotoka Bagamoyo mwaka 1878, walipita njia hiyo hiyo na wakalipa kama wengine. Mmoja wa wakuu wao, Padre Pascal, alifariki njiani kabla ya kufika Tabora.

Ninalotaka tulione ni hili. Malipo yaleyale, kitambaa kilekile, yangeweza kuwa mambo matatu tofauti. Yakiwa malipo ya maji na njia, ni haki: mtemi anadai kilicho chake. Yakiwa kitambaa anachopewa maskini aliyekaa kando ya njia, ni sadaka. Yakiwa ya kumfumba mtemi macho ili asione kinachobebwa na nani amefungwa minyororo, ni hongo kwa maana yetu ya leo. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kinachotofautisha ni sababu ya kutoa, na mpokeaji ni nani kwa yule anayetoa.

Kulikuwa pia na mtu ambaye hakupata hongo yoyote: mpagazi. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Mtu alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, kwa miezi. Alipougua ndui au kuhara damu, mara nyingi aliachwa njiani na mzigo wake akapewa mwingine. Pembe zilifika pwani, mtemi alipata vitambaa vyake, tajiri aliyekopesha mali kule Unguja alipata faida yake. Aliyekuwa karibu zaidi na biashara ile, ambaye shingo yake ndiyo iliyokuwa chini ya pembe, hakuwa katika orodha ya wanaofikiriwa.

Wasemavyo wanazuoni

Wazo kwamba kampuni ina wajibu kwa jamii si jipya. Mmarekani Howard Bowen aliliandikia kitabu mwaka 1953. Mwaka 1970 mchumi Milton Friedman alilipinga hadharani: kwa maoni yake, wajibu wa biashara ni kupata faida ndani ya sheria na desturi za haki, na meneja anayegawa fedha za kampuni kwa misaada anagawa mali isiyo yake. Mwaka 1991 Archie Carroll akachora piramidi: chini kabisa faida, kisha sheria, kisha maadili, na juu kileleni hisani.

Friedman tusimdharau. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa kuwa sheria ilizitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa zao kwa umma. Kwa hiyo sehemu ya fedha hizo ni ya Watanzania walionunua hisa kwa akiba zao. Mkurugenzi anayetoa spika kwa kwaya ya kigango kwa sababu shemeji yake anaimba humo amekosa uaminifu. Lakini Friedman anachukulia kwamba kampuni haidaiwi na mtu mwingine yeyote isipokuwa wenye hisa na serikali. Hapo ndipo mtemi wa Ugogo angemuuliza: na maji?

Sheria zetu zenyewe zinajibu swali hilo kwa namna tofauti kwa biashara tofauti. Mwenye mgodi, tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, hutakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya eneo husika. Ndugu zetu wa Nzega, walioishi jirani na mgodi wa dhahabu wa Golden Pride hadi ulipofungwa, wanajua kwa nini sheria ya namna hiyo ilihitajika. Kampuni za simu huchangia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao husaidia kupeleka minara vijijini mahali ambapo biashara peke yake isingefika. Hizo ni haki zilizoandikwa. Zaidi ya hapo kampuni inachagua yenyewe, na anayechagua anahitaji mpango wa kuchagua.

Upendo una mpangilio

Kwa sisi tunaosoma falsafa, mwalimu wa kumwendea hapa ni Mtakatifu Thoma wa Akwino. Anafundisha kwamba upendo una mpangilio. Hatuwezi kumtendea mema kila mtu, hivyo tunaanza na walio karibu nasi, kila mmoja kwa namna ya ukaribu wake. Lakini mara moja anaongeza kizuizi: mgeni aliye katika shida ya kufa anaweza kutangulia hata mbele ya baba mzazi asiye na shida ya namna hiyo. Yaani kuna mizani mbili, ukaribu na uzito wa shida, na busara ndiyo inayozipima. Thoma hatoi kanuni ya hesabu. Anasema wazi kwamba katika mambo ya namna hii lazima itumike busara ya mtu mwenye kuamua.

Naomba ruhusa ya kuongeza mizani ya tatu, na ninaitoa katika Injili ya Luka sura ya 10. Msamaria alikuwa msafiri. Alichomsaidia nacho majeruhi ni vitu vya safari: mafuta na divai aliyokuwa nayo, mnyama wake wa kupanda, dinari mbili, na uaminifu wake kwa mwenye nyumba ya wageni kwamba akirudi atamalizia deni. Hakusimama kujenga nyumba ya wageni, kwani ilikuwapo. Hakujifanya tabibu. Alifanya lile ambalo mtu mwenye punda njiani anaweza kulifanya vizuri kuliko wote, kisha akamkabidhi mgonjwa kwa mwingine na kuhakikisha kwamba analipwa. Kwa hiyo pamoja na "nani yuko karibu" na "nani ana shida kubwa" kuna "mimi nina kitu gani ambacho wengine hawana".

Sasa tuitazame kampuni ya simu kwa mizani hizo tatu.

Nauli, simu na mama mjamzito

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Baadaye hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, ikishirikiana na mfuko wa hisani wa Vodacom, ilianza kuitumia kwa jambo dogo ajabu: nauli. Wanawake wenye fistula, ugonjwa unaotokana na uchungu wa uzazi uliokaa muda mrefu bila msaada, walikuwa wakiteseka vijijini kwa miaka, wakinuka mkojo, wengine wakiachwa na waume zao. Upasuaji ulikuwa wa bure. Walichokosa ni taarifa, na nauli ya basi. Basi, watu wa kujitolea mikoani waliwatafuta wanawake hao, hospitali ikatuma nauli kwa simu, mama akapanda basi, na alipofika aliyemleta akatumiwa malipo kidogo kwa kazi yake.

Tazama jinsi jambo hili lilivyochaguliwa. Kampuni haina daktari wa upasuaji. Ina mtandao wa kutuma pesa mpaka kwa wakala wa kijiji ambacho hakijawahi kuona benki. Tatizo lilikuwa na kipande kimoja chenye umbo la kitu ambacho kampuni inacho.

Wazo hilo lilikua. Katika miaka ya 2010, huko Sengerema na Shinyanga, lilijaribiwa kwa dharura za uzazi, na likaja kuitwa m-mama. Wataalamu wa afya ya uzazi husema mama hufa kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. M-mama ilichagua kule kuchelewa kwa pili. Mtu hupiga namba 115 bila malipo. Anayepokea katika kituo huuliza maswali kwa kufuata programu maalumu, hupima uzito wa dharura na kuamua mama apelekwe kituo gani. Gari la wagonjwa likiwapo karibu, linatumwa. Lisipokuwapo, anaitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo, mwenye gari lake, aliyeandikishwa na kupewa mafunzo mapema. Akimfikisha mama au mtoto mchanga kituoni na mhudumu akathibitisha, dereva analipwa papo hapo kwa simu. Zile dinari mbili za Msamaria.

Serikali ilizindua mpango wa kitaifa Aprili 2022, Rais Samia Suluhu Hassan akiongoza uzinduzi, na baadaye mfumo ukaenezwa katika mikoa ya Bara na Zanzibar. Serikali ndiyo iliyokubali kubeba gharama za uendeshaji kadiri muda unavyokwenda. Kwangu mimi hili ndilo jambo la busara kuliko yote katika habari hii, na halina picha nzuri ya gazetini: kampuni ilipanga tangu mwanzo namna ya kuondoka. Papa Pius XI, katika waraka wake wa mwaka 1931, alifundisha kwamba chombo cha juu kisinyang'anye kazi ya chombo cha chini kinachoiweza. Nadhani kinyume chake kina ukweli pia. Uhai wa mama anayejifungua ni wajibu wa jamii nzima kupitia dola yake, na si vyema udumu kutegemea bajeti ya matangazo ya mtu fulani.

Nisionekane nimepewa bando la bure kuandika haya. Yapo ya kuhoji. Kampuni inayosambaza huduma ya pesa kwa njia ya simu inanufaika watu wanapoizoea, hata katika shida. Je, hapo ni sadaka au biashara? Thoma angejibu kwamba tendo linaweza kumfaa mtendaji na bado likawa jema, mradi faida isiwe ndiyo inayoamua nani asaidiwe. Mizani ya kweli ni hii: mahali ambapo shida ni kubwa lakini wateja ni wachache, je, kampuni inakwenda? Kuenea kwa m-mama mpaka mikoa ya pembezoni kunatia moyo, ingawa hapo ilikuwa serikali na kampuni pamoja.

La pili ni heshima ya takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya wajawazito 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Ni anguko kubwa mno, tumshukuru Mungu. Lakini utafiti wa pili ulifanyika wakati mpango wa kitaifa wa m-mama ndio unaanza, hivyo hakuna kampuni inayoweza kuichukua namba hiyo na kuiweka kwenye bango lake. Kuna vituo vya afya vilivyojengwa, vyumba vya upasuaji, wakunga, damu salama. Gari likimfikisha mama mahali pasipo na damu, kuchelewa kwa tatu kunamsubiri mlangoni.

Na la tatu, ambalo lilikuwa moyoni mwa yule mama wa kwenye mkeka. Kabla ya hisani kuna haki. Wakala anayekaa kwenye kibanda cha mbao kutwa nzima, je, kamisheni yake inamtosha? Mkulima wa tumbaku anapotoa malipo yake ya msimu, ada anayokatwa ni ya haki? Mwenye shamba ulipojengwa mnara, alielewa mkataba aliotia sahihi? Hao ndio wapagazi wa biashara hii. Kampuni inayowasahau hao na kutoa mfano wa hundi wenye urefu wa meza mbele ya kamera inafanana na msafara uliompa mtemi kitambaa kizuri na kumwacha mpagazi chini ya mbuyu.

Kompyuta chini ya kitenge

Nimeona pia upande mwingine. Katika shule moja niliyowahi kufundisha kwa muda kabla ya kurudi masomoni, kampuni fulani ilileta kompyuta kumi. Wageni walikuja na magari manne, ngoma zikapigwa, mwanafunzi akasoma risala, picha zikapigwa. Shule haikuwa na umeme. Mwalimu mkuu alijua hilo, na waliotoa wangejua kama wangeuliza. Kompyuta ziliwekwa ofisini, zikafunikwa kitenge zisiingie vumbi, na nilipoondoka bado zilikuwa chini ya kitenge. Nilimuuliza mwalimu mkuu kwa nini hakusema. Akaniambia, "Mdogo wangu, mgeni akikuletea kuku, utamwambia huna sufuria?"

Jibu lake limenisumbua kuliko kosa la kampuni. Kampuni zina kamati, zina wataalamu wa kupima ni mambo gani yana uzito kwa jamii na kwa biashara, zina ripoti za kila mwaka. Lakini karatasi hizo hujazwa na majibu yetu. Tukiomba spika, kwenye ripoti itaandikwa kwamba jamii ya Sikonge inahitaji spika. Tukipokea kompyuta kwa ngoma, itaandikwa kwamba mradi umefaulu. Vipaumbele vya kampuni kwa sehemu ni picha ya vipaumbele vyetu, na Kanisa, lenye watu mpaka jumuiya ya mwisho kabisa porini, lina sauti ambayo halijaitumia vizuri.

Barua ile

Siku mbili kabla likizo haijaisha tulikutana tena chini ya mwembe. Niliwaambia wazee nilichofikia mpaka hapo: kwamba kuna tunayodai na kuna tunayoomba, na tusiyachanganye katika karatasi moja. Tunadai mkataba wa lile eneo la mnara usomwe kwa Kiswahili mbele ya familia yenye shamba. Hilo linaandikwa kwa lugha ya haki na halihitaji "tunaomba kwa unyenyekevu". Spika si deni la mtu yeyote. Kwaya ina mikono, na msimu wa asali unakuja.

Kisha yule mama akasema jambo ambalo mimi na vitabu vyangu hatukulifikiria. Masika ya miaka kadhaa iliyopita binti yake alipelekwa kujifungua kwa baiskeli, akifungwa kwa kanga kwenye mgongo wa mumewe asidondoke. Mtoto alizaliwa njiani na hakuishi. "Namba hiyo ya 115 tumeisikia redioni," alisema. "Lakini dereva atatoka wapi? Hapa magari ni mangapi?"

Tulihesabu. Lilikuwapo gari la mnunuzi wa tumbaku, ambalo huwapo miezi minne tu ya mwaka. Pikapu ya mzee mmoja mwenye duka. Gari la mwalimu, bovu. Na gari la parokia, linalokuja kigangoni mara moja kwa mwezi lakini hulala kilomita kumi na mbili kutoka hapo. Ukimya ukawa mrefu kidogo. Mzee mwenyekiti akanitazama, akasema, "Basi frateri, barua ya kwanza mwandikie Baba Paroko."

Niliiandika jioni ile. Nilimwuliza Baba Paroko kama dereva wa parokia anaweza kuandikishwa halmashauri ya wilaya miongoni mwa madereva wa jamii, na kama malipo yatakayoingia kwenye simu yatakuwa ya dereva au ya mfuko wa parokia. Barua ya pili, ya mnara, aliiandika katekista kwa mkono wake mwenyewe, na ni fupi kuliko yangu. Baba Paroko alinijibu kwa simu nilipokuwa kwenye basi, tumeshapita Tabora mjini: amekubali, malipo yatakuwa ya dereva, ila klachi inatengenezwa na fundi ameahidi wiki ijayo.